Pedi na rota za pikapu: semimetali, seramiki au oganiki, na rota gani iende nazo

Kabla hujauliza pedi ipi ni nzuri jiulize kwanza pikapu yako inabeba nini na inashuka wapi, maana pedi ile ile inayomfurahisha mtu anayezunguka mjini na pikapu tupu ndo itakayomtia hofu mwenzake aliyepakia tani moja na bado anavuta trela kwenye mteremko mrefu, na ukiwauliza wote wawili kila mmoja atakwambia kweli tupu.

Tuweke namba kidogo hapa ndo utaona kwa nini. Pikapu ya kilo 2000 ikiwa tupu, ukaongeza mzigo wa kilo 1000, inakuwa 3000. Kuisimamisha hiyo kutoka spidi 100 ni kugeuza kilojuli kama 1157 kuwa joto, joto la kutosha kuchemsha lita tatu na nusu hivi za maji yaliyokuwa nyuzi 20, na yote hayo yanatokea ndani ya sekunde chache, sehemu kubwa kwenye rota mbili za mbele, yani zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi. Gari hiyo hiyo ikiwa tupu kwenye spidi 50 joto lake ni kilojuli kama 193 tu. Yani tofauti ni mara sita, gari ni moja, dereva ni mmoja. Na mteremko ndo mbaya zaidi kwa sababu hauachi: kilo 3000 zikishuka kimo cha mita 300 ni joto sawa na kusimama kutoka spidi 100 zaidi ya mara saba, usipoitumia gia kuzuia gari yote hayo yanaingia kwenye breki.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kulinganisha ni joto. Kelele, vumbi kwenye rimu, muda wa kudumu, hayo yote yana umuhimu lakini yanakuja baadaye.

Breki zako zinashindwaje?

Hapa watu wengi wanaruka, na ndo panapookoa hela. Kama ulishawahi kusikia breki zinaisha nguvu ukiwa na mzigo, kumbuka pedeli ilikuwaje. Pedeli ikiwa ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote na gari haitaki kusimama, hapo pedi ndo zimezidiwa na joto, msuguano umeshuka, na dawa yake ni pedi ya joto kubwa zaidi na rota yenye uzito wa kutosha. Lakini pedeli ikiwa laini, inazama mpaka karibu na sakafu, hapo mara nyingi ni mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi. Ukinunua pedi za bei kubwa kwa tatizo hili la pili hujatibu kitu. Bora ubadilishe mafuta. Tena kuzama kunaweza pia kuwa uvujaji au masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli, imechoka, sasa kama inazama hata breki zikiwa za baridi usiende popote, fundi aangalie kwanza.

Pedi: tatu kuu, na moja ya katikati

Oganiki ni nyuzinyuzi na gundi na unga wa vitu mbalimbali, chuma ni kidogo au hakuna. Inashika vizuri tangu asubuhi ikiwa ya baridi, imetulia haipigi kelele, haili rota. Shida yake ni joto, inachoka mapema, na inaisha haraka. Kwa gari ndogo sawa. Kwa pikapu inayobeba mzigo mimi siiweki kabisa, na sijali bei yake ikoje. Pikapu ambayo ni kama gari ya familia tu, haivuti kitu, haipandi milima, inaweza kuishi nayo, ila hata hapo seramiki itakupa amani zaidi.

Semimetali ina chuma kingi ndani, takriban asilimia 30 mpaka 65 ya uzito wake, ni nyuzi za chuma, unga wa chuma, na grafiti ya kulainisha. Hii ndo pedi ya mzigo. Inavumilia joto kubwa kabla haijaanza kulegea, na kwa sababu chuma kinapitisha joto vizuri haiachi joto lote kwenye uso wa rota, inalivuta na kulipitisha kwenye bamba la nyuma, kile chuma kilichobeba pedi. Ubaya wake: asubuhi ikiwa ya baridi sana haishiki kwa ukali kama oganiki, inatoa vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu, inaweza kupiga kelele, na inakula rota haraka kuliko wenzake. Halafu lile joto inalolivuta linaenda wapi? Linaenda kwenye pistoni ya kalipa, ile inayozibana pedi kwenye rota, na kwenye mafuta ya breki. Ndo maana mtu anaweka semimetali nzuri kabisa halafu mafuta yake ni ya miaka mitano, mteremko wa kwanza pedeli inakuwa sponji na anasema pedi ni feki.

Seramiki ni nyuzi za seramiki na vitu vingine, kimya, vumbi lake ni kidogo na la rangi nyepesi halionekani sana, rota inadumu, na mguso wa pedeli ni ule ule leo na kesho. Kwa pikapu ya matumizi ya kila siku, mzigo wa mara moja moja, barabara za kawaida, hii ni pedi nzuri mno na watu wengi wenye pikapu kwa kweli ndo inayowafaa, ingawa wengi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu wanaona pikapu lazima iwekwe kitu kizito. Ila haipitishi joto kama semimetali, kwa hiyo ukiipiga breki mfululizo na mzigo joto linabaki zaidi kwenye rota, na rota nyembamba au ya bei poa itateseka. Jambo lingine, neno seramiki kwenye boksi halina kipimo kinachosema lazima iwe na asilimia fulani, kila kiwanda kinachanganya kivyake, kwa hiyo seramiki ya kampuni moja na seramiki ya nyingine zinaweza kuwa mbali kabisa kwa tabia. Ziko hata seramiki zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya kuvuta trela, na hizo boksi lake litasema.

Ile ya katikati ni yenye chuma kidogo, kama asilimia 10 mpaka 30, inashika vizuri sana baridi na moto, magari mengi ya Ulaya yanatoka nayo kiwandani. Kelele na vumbi ipo. Ukiikuta kwa pikapu yako kutoka kampuni inayoaminika usiikimbie.

Sasa semimetali na seramiki zikiwekwa bega kwa bega, maana hapo ndo watu wanakwama. Ukivuta trela kila wiki, au unabeba karibu na uzito wa mwisho wa gari, au unaishi sehemu ya milima: semimetali, bila kujiuliza mara mbili, na kubali vumbi. Ukibeba mzigo mzito mara chache kwa mwezi na siku nyingine ni mtu mmoja na begi lake: seramiki. Na wale walio katikati, mzigo wa wastani kila siku kwenye barabara tambarare, hapo zote zinaweza, mimi ningeenda na semimetali mbele kwa sababu ukikosea upande huo hasara yako ni kelele na kufuta rimu, ukikosea upande wa pili hasara yako ni mita za kusimamia.

Soma maandishi kwenye pedi yenyewe

Boksi linaweza kusema lolote. Geuza pedi uangalie pembeni au mgongoni, pedi nyingi zina herufi mbili zimeandikwa mwishoni mwa mstari wa namba, kama EE, FE, FF, GF, GG. Ya kwanza ni kiwango cha msuguano kwenye joto la kawaida, ya pili kwenye joto kubwa. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Kwa hiyo FE inamaanisha inashika vizuri ikiwa ya kawaida halafu inashuka ikipata moto, na kwa pikapu ya mzigo hiyo ndo tabia usiyoitaka. FF imesimama pale pale. GG inauma zaidi, lakini usidhani G ni bora kuliko F kwa kila gari, breki zilipigiwa hesabu mbele na nyuma pamoja, ukiweka pedi kali sana mbele na nyuma ni dramu za kawaida (breki za ngoma, hazina rota) umevuruga uwiano. Na herufi hizi hazikwambii pedi itadumu muda gani wala itapiga kelele au la, ni msuguano tu.

Alama ya pili ya kutafuta ni ile ya R90 ya Ulaya, herufi E yenye namba ndani ya duara halafu mbele yake 90R. Inamaanisha pedi ya mbadala imepimwa na nguvu yake haipishani na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Siyo kila pedi nzuri duniani inayo, zile zinazouzwa Marekani kwa mfano hazilazimiki kuwa nayo, ila ukiwa na mbili za bei moja mkononi na moja inayo, uamuzi umeshafanyika.

Angalia pia pedi imeshikwaje kwenye bamba la chuma. Nyingine zimegundishwa kwa gundi peke yake, nyingine bamba lina vijino au mashimo yanayoishika pedi kwa nguvu. Pikapu inapita kwenye tope na maji, kutu inaingia kati ya bamba na pedi, inaisukuma taratibu mpaka inabanduka. Bamba lililopakwa zinki au lenye vijino ni kitu cha kulipia, na watu hawakiangalii kabisa. Kile kibati kidogo cha kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha kiwepo pia, kama gari yako haina waya wa sensa.

Kitu cha usalama: vumbi la breki usilipulize na kompresa. Asbesto ilitumika kwenye pedi kwa miongo mingi, Umoja wa Ulaya uliikataza kabisa 2005 na Marekani ilipitisha katazo lake 2024, lakini hujui gari ya zamani ina nini ndani ya zile dramu. Osha kwa maji au dawa ya kusafishia breki.

Rota: ya kawaida, ya mifereji, ya matundu

Hapa ntasema wazi. Kwa pikapu, rota ya uso mtupu, yenye nafasi ya hewa katikati, iliyotengenezwa vizuri, inashinda rota ya matundu ya bei hiyo hiyo. Rota kazi yake ni kupokea joto na kulitunza kwa muda huku hewa inalipunguza, na kinachopokea joto ni uzito wa chuma. Ukitoboa matundu umeondoa chuma, na kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, rota ikipata moto na kupoa, moto na kupoa, nyufa ndogo zinaanza kutoka kwenye matundu zinakimbilia pembeni. Matundu yalikuwa na maana zaidi zamani pedi zilipokuwa zinatoa gesi nyingi zikipata moto, pedi za siku hizi hazitoi gesi kiasi hicho. Faida iliyobaki ni kushika haraka kwenye maji na muonekano. Kwa gari ndogo ya spoti sawa, kwa gari ya tani tatu hapana. Halafu tope likikauka ndani ya yale matundu utalisikia.

Ya mifereji ni habari nyingine. Ile mistari inafuta maji na tope na unga kwenye uso wa pedi, haipunguzi chuma kingi, haianzishi nyufa kirahisi. Inakula pedi haraka kidogo na ukikanyaga breki kwenye spidi unasikia mvumo fulani. Pikapu ya porini, mashambani, ya kuvuka mito midogo kila siku, mifereji ina maana. Pikapu ya lami, sioni haja. Zile zenye vyote viwili, mifereji na matundu, zinabeba ubaya wa matundu vile vile.

Kuna kitu ambacho picha haikuonyeshi na ndo muhimu kuliko hayo yote: uzito. Chukua rota mbili za namba moja ya spea, moja ya kampuni inayojulikana na moja ya bei ya chini, zipime kwenye mzani. Iliyo nyepesi wameiba chuma mahali, kuta zimekuwa nyembamba au mbavu za katikati, zile zinazoshika kuta mbili na kupitisha hewa, zimepunguzwa. Chungulia pia kwenye uwazi wa katikati uone mbavu zimepangwa sawa na kuta mbili zina unene mmoja, kama ukuta mmoja ni mnene na mwingine mwembamba rota itapata joto isivyo sawa na utaanza kusikia usukani unatetemeka. Rota zenye mbavu za kupinda zina upande wa kulia na wa kushoto, usizibadilishane pande.

Ukikuta rota imeandikwa ina kaboni nyingi, hiyo ni chuma cha kumimina kilichoongezewa kaboni, inatuliza kelele na inavumilia kupata moto na kupoa bila kupasuka, kwa mzigo inafaa kulipia. Rota iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu inafaa kwa anayekaa karibu na bahari au sehemu wanakomwaga chumvi barabarani. Pale pedi zinapogusa rangi itaisha kwa breki chache za mwanzo, inabaki kwenye kofia (ile sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu ya gurudumu) na mbavu ambapo ndo kutu ingekula. Isiyopakwa inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, hayo lazima uyaoshe yaishe kabisa kabla pedi haijagusa.

Kuskimu (kuchonga uso wa rota uwe sawa) au kununua mpya

Kila rota ina unene wa chini kabisa umeandikwa kwenye chuma chenyewe, karibu na kofia au pembeni. Rota ya mbele ya pikapu inaweza kuanza na milimita 28 na mwisho wake ukawa 26, yani una milimita mbili tu za kuchezea pande zote mbili pamoja. Kama imebaki 26.3 na ina mistari mirefu, skimu itakupeleka chini ya mwisho au karibu sana, na rota nyembamba inapata moto haraka zaidi. Kwa mtu wa mzigo mimi nasema nunua mpya. Skimu ina maana pale ambapo rota ni ya kiwandani, nzito, bado ina unene, na tatizo ni uso tu.

Kuna hii ya rota imepinda. Mara nyingi haijapinda. Mtetemo wa pedeli unakuja kwa sababu unene wa rota umekuwa tofauti sehemu na sehemu, au pedi imeacha tabaka lake sehemu moja, na chanzo mara nyingi ni kutu kwenye habu, au nati za tairi zilikazwa kwa bunduki ya upepo bila mpangilio. Mchezo wa rota ikizunguka, yani inavyoyumba kulia na kushoto, unatakiwa uwe mdogo sana, magari mengi ni karibu 0.05 milimita, na kipande cha kutu usichokiona kinatosha kuuzidi. Ukibadilisha rota bila kusugua habu, hiyo mpya nayo itakuja kutetemeka baada ya muda na utailaumu kampuni bure.

Zinavyooana, na mafuta

Rota mpya iende na pedi mpya, pedi ya zamani imeshajikata kwa umbo la rota ya zamani. Pedi mpya kwenye rota ya zamani inawezekana kama rota iko juu ya mwisho wake na haina ukingo mrefu pembeni. Badilisha kulia na kushoto pamoja siku zote.

Na usiagize kwa jina la gari na mwaka peke yake, pikapu ya mwaka mmoja inaweza kuwa na rota za saizi mbili tofauti kulingana na injini au daraja lake, tumia namba ya chesisi au pima kipenyo na kimo cha ile ya zamani.

Mafuta ya breki yana madaraja yaliyoandikwa kwenye chupa: DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kama kitabu cha gari kinaruhusu DOT 4 na unabeba mzigo weka hiyo, badilisha kila miaka miwili. DOT 5 yenyewe ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine kabisa.

Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki, siyo grisi ya beringi maana inavimbisha mipira. Pini ikikwama pedi moja inaisha na mwenzake ni mpya, na hapo pedi yoyote utakayonunua itaonekana mbovu. Kabla gari haijasogea pampu pedeli mpaka iwe ngumu.

Halafu kuzifundisha, yani kuzizoesha pedi mpya na rota. Sehemu salama isiyo na magari, kutoka kama spidi 50 shuka mpaka 10 kwa breki ya wastani bila kusimama kabisa, rudia mara nane mpaka kumi na acha nafasi kidogo katikati, kisha endesha taratibu zipoe bila kukanyaga. Usisimame ukiwa umeshikilia breki zikiwa za moto, pedi itaacha alama yake kwenye rota pale pale. Boksi likiwa na maelekezo yake tofauti fuata ya boksi, na kilomita 300 za mwanzo epuka breki za ghafla isipokuwa lazima.

Mwisho nyuma. Pikapu nyingi bado zina dramu nyuma, na mtu anabadilisha mbele tu kila mara huku viatu vya nyuma, yani pedi za ndani ya dramu, vimelegea havigusi, mbele inafanya kazi ya magurudumu manne. Fungua dramu, safisha, rekebisha viatu, angalia silinda haivuji. Na kama pikapu yako ina ile valvu ya nyuma inayofuata kimo cha mzigo, ina fimbo imefungwa kwenye ekseli, ukiinua springi au ukiongeza majani ya springi valvu inadhani gari ni tupu muda wote, inanyima nyuma nguvu hata ukiwa umepakia. Irekebishwe kwa vipimo vya kitabu cha gari yako, ndo upime hizo pedi mpya ukiwa na mzigo.